Kutoka Mackinnon Road hadi Lango la Chuo: Nafasi, Karo na Lugha ya Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Pembezoni

Utangulizi

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, magazeti hujaa picha za watahiniwa waliobebwa juu juu na jamaa zao. Siku chache baadaye picha hizo hutoweka, na hapo ndipo safari yenyewe huanza. Kati ya siku ya matokeo na siku ya kujisajili chuoni pana miezi kadhaa ya kuchagua kozi, kujaza fomu, kutafuta stakabadhi na kuhesabu fedha. Wapo wanafunzi wanaofaulu mtihani kisha wakaanguka katika miezi hiyo, ilhali akili wanayo na bidii wanayo. Walichokosa ni mtu wa kuwaeleza.

Makala haya yanalenga kufafanua njia ya kuingia chuoni na kuigharimia, kwa kumzingatia mwanafunzi atokaye Mackinnon Road, Kaunti ya Kwale. Hoja kuu ni kwamba uhaba wa fedha ni tatizo la kweli, lakini zipo nafasi zinazopotea hata kabla ya fedha kufikiwa, kwa sababu istilahi za udahili na za ufadhili hazikuwahi kuelezwa kwa lugha inayoeleweka nyumbani. Iwapo hoja hiyo ni sahihi, basi jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili moja kwa moja, na haifai tuwaachie maafisa wa fedha peke yao.

Mji Unaopitwa

Mackinnon Road iko katika nyika ya Taru, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, karibu katikati ya Mombasa na Voi. Jina lake limetokana na Sir William Mackinnon, Mskoti aliyeiongoza Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ambayo mnamo 1890 ilianza kutengeneza barabara ya kuelekea bara. Reli ilifuata baada ya ujenzi wake kuanza Mombasa mwaka 1896. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walijenga hapo ghala kubwa la kijeshi kisha wakaliacha, na mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, mahali hapo pakawa kambi ya kuwafungia watu bila kuwashtaki. Wasafiri wa leo huujua mji huu zaidi kwa msikiti ulio kando ya reli na kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambapo madereva husimama kuomba dua na kutoa sadaka kabla ya kuendelea na safari. Mwaka 2017 reli mpya nayo ilizinduliwa ikipita nyika hiyo hiyo.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Mengi yamepita Mackinnon Road, lakini machache yamesimama. Wakazi wake wengi ni Waduruma, wafugaji na wakulima wa mahindi katika ardhi ambayo mvua yake haina ahadi. Kipato cha nyumba hakiji kila mwisho wa mwezi. Huja mbuzi anapouzwa, gunia la makaa linapopata mnunuzi, au kijana aliyeko Mombasa anapotuma chochote. Ukame wa muda mrefu wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliwamaliza mifugo wa kaya nyingi katika maeneo kame ya Kenya, na nyumba iliyokuwa na zizi ikabaki na ua mtupu. Katika nyumba kama hiyo, neno "kipato cha mwezi" lililo kwenye fomu ya maombi ni fumbo la kwanza. Baba anaweza kuandika sifuri kwa kuwa hana mshahara, au akaandika bei ya ng'ombe aliyemuuza mwezi uliopita kana kwamba humuuza ng'ombe kila mwezi. Majibu yote mawili ni ya kweli machoni pake, na yote mawili yanaweza kumponza mtoto.

Pembezoni kwa Mujibu wa Sheria

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 56, inaitaka serikali iweke mipango ya kuhakikisha kwamba makundi madogo na yaliyotengwa yanapewa fursa maalumu katika elimu na uchumi. Mwaka 2013 Tume ya Ugavi wa Mapato ilizitaja kaunti 14 kuwa zilizotengwa kimaendeleo, na Kwale ilikuwa miongoni mwazo, pamoja na jirani zake Kilifi na Taita Taveta. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mackinnon Road anapodai asikike, hadai hisani. Hata hivyo, ni vyema aelewe kwamba kutajwa huko hakumpi nafasi ya chuo wala karo kwa njia ya moja kwa moja. Bado atashindana, bado ataomba, na bado atathibitisha.

Uthibitisho wa kwanza ni wa utambulisho wenyewe. Historia ya Kwale inatupa mfano ulio wazi. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge ya pwani, waliishi Kwale kwa miongo mingi bila uraia. Mwaka 2016 waliandamana kwa miguu kuelekea Nairobi kudai kutambuliwa, na mwaka 2017 wakakabidhiwa vitambulisho na kuhesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Kwale na Kilifi walitambuliwa mwaka 2023. Kabla ya hapo, mtoto wa jamii hizo angeweza kupata alama nzuri, lakini bila kitambulisho hakuweza kuomba mkopo wa serikali. Wengi wa Mackinnon Road hawakabiliwi na tatizo hilo la uraia, ila somo ni lile lile: cheti cha kuzaliwa kilicholiwa na mchwa, au jina lililoandikwa "Mbeyu" shuleni na "Mbeu" kwenye kitambulisho, ni mlango uliofungwa mpaka urekebishwe. Stakabadhi hizi zinapaswa kushughulikiwa mwanafunzi akiwa kidato cha tatu, asingoje matokeo.

Nafasi Hupatikanaje?

Hadi mwanzoni mwa muongo uliopita, nafasi za vyuo vikuu vya umma ziligawanywa na Bodi ya Pamoja ya Udahili, iliyoundwa na vyuo vyenyewe. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliunda chombo kipya, KUCCPS, ambacho huwapangia wanafunzi nafasi katika vyuo vikuu na vilevile katika vyuo vya kadiri. Kiwango cha chini cha kuomba shahada ni wastani wa C+. Kwa stashahada, kiwango cha kawaida ni C-, na ziko kozi za astashahada na ufundi kwa walio chini ya hapo.

Jambo linalowapotosha wengi ni kudhani kwamba wastani pekee ndio huamua kozi. Kila kozi ina kundi lake la masomo manne, ambalo wanafunzi huliita klasta. Kwa kuwa alama A ni pointi 12, masomo manne yana kilele cha pointi 48. Alama za klasta hukokotolewa kwa kuyaunganisha matokeo ya masomo hayo manne na matokeo ya jumla ya mtahiniwa. Hivyo basi, wanafunzi wawili wenye B- wanaweza kuwa mbali sana wanapoomba kozi moja, mmoja akiwa na nguvu katika masomo yanayohitajika na mwenzake akiwa na nguvu kwingineko. Mwombaji anapaswa kutazama alama zake za klasta kwa kila kozi, azilinganishe na alama za mwisho zilizokubaliwa katika miaka iliyotangulia, kisha apange machaguo yake kwa busara: lile analolitamani, lile analolifikia, na lile ambalo hawezi kulikosa. Anayejaza machaguo yote kwa kozi za kutamani tu hujiweka katika hatari ya kubaki mikono mitupu.

Kwa wanaokusudia ualimu wa Kiswahili, kama wengi wetu tulivyokusudia, wastani wa C+ hautoshi peke yake. Shahada ya elimu katika sanaa inataka pia C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili ya kufundishia. Mtoto wa Mackinnon Road aliyezaliwa katika Kiduruma, lugha ambayo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, mara nyingi huipata alama hiyo katika Kiswahili bila taabu, kisha akaikosa katika somo la pili ambalo hakulitilia maanani. Somo la pili lichaguliwe na kusomwa kwa makusudi tangu kidato cha tatu.

Aidha, mahali pa chuo ni sehemu ya gharama. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati mwaka 2016, kiko upande wa Voi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi vilipata hati zao mwaka 2013. Kwa upande wa vyuo vya kadiri, kuna Politekniki ya Kitaifa ya Pwani mjini Mombasa, na Chuo cha Mafunzo ya Utabibu kina tawi Msambweni. Kozi ile ile inaweza kutolewa Eldoret na ikatolewa Kilifi. Anayekwenda mbali kwa kozi isiyopatikana karibu ana sababu. Anayekwenda mbali kwa sababu tu jina la chuo linasikika vizuri atalipia jina hilo kwa nauli na kodi ya chumba miaka minne mfululizo.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni dogo kwa sura lakini zito kwa athari. Maombi yote hufanywa kwenye intaneti, na wanafunzi wengi wa vijijini huyafanya saiba mjini. Mwenye saiba huweza kutumia nambari yake ya simu na barua pepe yake ili amalize haraka. Miezi miwili baadaye ujumbe wa kumtaka mwanafunzi arekebishe jambo fulani huenda kwa mwenye saiba, naye amekwisha kusahau. Mwanafunzi ahakikishe kwamba simu ni yake, barua pepe ni yake, na nywila ameiandika mahali asipoweza kuipoteza.

Maneno Matano ya Fedha

Mikopo ya wanafunzi nchini Kenya ilianza katika mwaka wa masomo wa 1974/75. Mwaka 1991 serikali ilianza kuwatoza wanafunzi sehemu ya gharama, mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, na kuanzia 1998 vyuo vikaanza kupokea wanafunzi wa kujilipia karo kamili. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepewa nafasi na serikali alilipa karo ya takriban shilingi 16,000 kwa mwaka, serikali ikalipa chuo sehemu yake. Mfumo huo ulibadilika mwaka 2023. Fedha za serikali zilianza kumfuata mwanafunzi mmoja mmoja kwa kadiri ya uwezo wa familia yake.

Wazazi wengi waliokuwa wakijua 16,000 walishtuka walipoona barua zenye karo ya laki na zaidi. Wengine walihitimisha kwamba chuo kimekuwa cha matajiri, na mtoto akabaki nyumbani. Ili kuelewa barua hiyo ni lazima kutenganisha maneno matano ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa yote kuwa "pesa za serikali".

Karo ni gharama kamili ya kozi kama ilivyotangazwa na chuo. Ndiyo namba kubwa inayotisha, na si kiasi ambacho familia hulipa.

Ruzuku ni sehemu ya karo inayolipwa na serikali moja kwa moja kwa chuo, kupitia Hazina ya Vyuo Vikuu. Hairudishwi. Maafisa huiita ufadhili, na hapo ndipo mkanganyiko huanza, kwa kuwa neno hilo hutumiwa pia kwa mambo mengine.

Mkopo ni fedha za HELB. Hurudishwa pamoja na riba, ambayo kwa mkopo wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Una sehemu mbili: ya karo, inayopelekwa chuoni, na ya kujikimu, inayotumwa kwa mwanafunzi. Wanafunzi wengi hudhani fedha za kujikimu ni zawadi. Zote ni deni.

Basari ni msaada wa kuomba kila mwaka au kila muhula, utokao katika kaunti, eneo bunge au taasisi nyingine. Kwa kawaida haurudishwi, lakini hauna uhakika wa kuendelea.

Ufadhili, katika maana yake kamili, ni ahadi ya mtu au shirika kumlipia mwanafunzi gharama zote au sehemu kubwa hadi amalize, mara nyingi kwa masharti ya alama.

Mwanafunzi anayeweza kuyaeleza maneno haya matano kwa mama yake jioni moja, kwa Kiswahili au kwa Kiduruma, amekwisha kuivuka nusu ya njia.

Mfano wa Hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana, tumwite Umazi, amepata nafasi katika chuo kikuu cha umma, na karo ya kozi yake ni shilingi 200,000 kwa mwaka kwa miaka minne. Katika mpangilio uliotangazwa mwaka 2024, familia ziliwekwa katika bendi tano. Bendi ya kwanza ilikuwa ya nyumba zenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi: ruzuku asilimia 70, mkopo asilimia 25, familia asilimia 5, na mkopo wa kujikimu wa 60,000 kwa mwaka. Bendi ya tatu ilikuwa ya nyumba zenye kipato cha hadi 70,000: ruzuku asilimia 50, mkopo asilimia 30, familia asilimia 20, na mkopo wa kujikimu wa 50,000.

Umazi akiwekwa katika bendi ya kwanza, ruzuku itakuwa 140,000, mkopo wa karo 50,000, na familia italipa 10,000 kwa mwaka. Akiwekwa katika bendi ya tatu, ruzuku itakuwa 100,000, mkopo wa karo 60,000, na familia italipa 40,000. Kwa miaka minne, deni lake kabla ya riba ni 440,000 katika bendi ya kwanza, na ni 440,000 hiyo hiyo katika bendi ya tatu, kwa kuwa mkopo wa kujikimu hupungua kadiri mkopo wa karo unavyoongezeka. Tofauti yote inaiangukia familia: 40,000 kwa miaka minne katika bendi moja, na 160,000 katika nyingine. Hizo 120,000 ni zizi zima la mbuzi. Kwa nyumba iliyompoteza ng'ombe wa mwisho kwa ukame, ndizo zinazoamua kama Umazi atamaliza au ataacha mwaka wa pili.

Sasa tunarejea kwenye lile fumbo la kipato cha mwezi. Bendi huamuliwa kwa majibu yaliyojazwa katika fomu: kazi ya wazazi, kipato, idadi ya ndugu walioko shuleni, hali ya uyatima au ulemavu, na mengineyo. Familia ya mfugaji ihesabu mauzo yake ya mwaka mzima, itoe gharama, kisha igawanye kwa 12. Jibu litakuwa la kweli, na litakuwa dogo kuliko bei ya ng'ombe mmoja. Kudanganya kwa kujifanya maskini zaidi ni kosa. Kujipandisha kwa sababu ya aibu ni kujidhulumu. Mwanafunzi anayeona amewekwa katika bendi isiyomfaa anaweza kukata rufaa na kuwasilisha ushahidi. Vyeti vya vifo vya wazazi, barua ya chifu na risiti za karo za ndugu zake visisahauliwe.

Ni muhimu kutaja kwamba mfumo huu umebishaniwa sana. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba unakiuka katiba, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikasitisha utekelezaji wa hukumu hiyo. Kwa hivyo viwango vilivyotajwa hapa vichukuliwe kuwa mfano wa namna ya kuhesabu, na kila mwombaji athibitishe viwango vya mwaka wake mwenyewe. Vilevile akumbuke kwamba ruzuku ya mfumo wa 2023 ilikusudiwa wanafunzi wa vyuo vya umma. Aliyechagua chuo cha kibinafsi aliweza kuomba mkopo lakini ruzuku hakuipata.

Suala la Riba

Kwale ina Waislamu wengi, na kwa baadhi ya familia kizuizi cha mkopo ni cha kidini. Mzazi asemapo, "Mwanangu hataanza maisha kwa riba," si haki kumcheka wala kumwita mjinga. Suala hilo ni la dhamiri, na linahitaji mazungumzo na maulamaa anaowaamini. Wajibu wa mshauri ni kumweleza ukweli kwa ukamilifu: ruzuku haina riba, na ni tofauti na mkopo. Zipo familia ambazo, kwa kuyachanganya maneno mawili, huweza kukataa yote mawili kwa pamoja. Anayeukataa mkopo kwa dhamiri yake anapaswa angalau kuipokea ruzuku, kisha atafute basari na ufadhili wa kuziba pengo lililobaki.

Mifuko ya Nyumbani na Mipaka Yake

Baada ya ugatuzi wa mwaka 2013, serikali ya Kaunti ya Kwale chini ya Gavana Salim Mvurya ilianzisha mpango wa Elimu ni Sasa, ambao umewalipia karo wanafunzi wa shule za upili na vyuo, na ambao uliendelezwa na Gavana Fatuma Achani. Katika eneo bunge la Kinango, ambamo Mackinnon Road ni wadi, kumekuwa na basari ya hazina ya maeneo bunge iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kampuni ya Base Titanium nayo ilikuwa na ufadhili wa masomo kwa vijana wa Kwale wakati ilipokuwa ikichimba madini, kazi iliyokoma mwishoni mwa 2024.

Mfano huo wa mwisho unatufundisha tahadhari. Mwanzoni mwa 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitoe basari bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba sheria ya hazina ya maeneo bunge inakiuka katiba. Hakuna mfuko ambao mwanafunzi anaweza kuuegemea kwa miaka minne pasi na shaka. Mackinnon Road ina fumbo lake la ziada, kwani mpaka wa mji huo umezozaniwa na kaunti za Kwale na Taita Taveta. Mwanafunzi ahakikishe kwamba kitambulisho chake, barua ya chifu na fomu yake ya basari vinataja mahali pamoja, asije akakataliwa na huku akakataliwa na kule.

Zaidi ya hayo, kuna gharama ambazo barua ya kuitwa chuoni haizitaji: nauli, godoro, kodi ya chumba cha nje iwapo hosteli zimejaa, na chakula cha wiki za mwanzo. Fedha za mkopo mara nyingi huchelewa kufika baada ya chuo kufunguliwa. Familia ikifanya harambee, sehemu ya mchango iwekwe kwa ajili ya majuma hayo ya mwanzo. Wapo wanaokata tamaa kwa njaa ya Septemba ilhali fedha zao zinafika Novemba.

Lugha ya Mwongozo: Lunga Lunga na Horohoro

Kusini mwa kaunti hii hii ya Kwale kuna mpaka wa Lunga Lunga. Ukivuka, unaingia Horohoro, Tanzania, na Wadigo wako pande zote mbili. Tanzania iliunda Bodi yake ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa sheria ya mwaka 2004, nayo ikaanza kazi mwaka 2005. Bodi hiyo huchapisha mwongozo wake kwa Kiswahili pia. Humo mwanafunzi aliyepata mkopo huitwa mnufaika, na fedha anazorudisha huitwa marejesho. Mzazi wa Horohoro anaweza kuuchukua mwongozo huo, akausoma mwenyewe, na akamuuliza mwanawe swali.

Upande wa Lunga Lunga, sehemu kubwa ya maelezo ya udahili na mikopo huandikwa Kiingereza, ingawa Kifungu cha 7 cha Katiba yetu kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hatusemi kwamba Mtanzania hana shida ya karo, anazo nyingi. Tunasema kwamba mzazi wa Mackinnon Road, atakayeombwa aridhie deni la laki nne na zaidi kwa jina la mtoto wake, ana haki ya kulisoma deni hilo kwa lugha anayoijua. Istilahi zipo tayari, zimekwisha kutumika ng'ambo ya mpaka, na hazihitaji kubuniwa upya.

Kazi Yetu

Kutokana na maelezo haya, tunapendekeza mambo matatu yanayoweza kutekelezwa na chama chetu bila bajeti kubwa. Kwanza, tuandae mwongozo wa kurasa mbili kwa Kiswahili sanifu, wenye yale maneno matano na mfano wa hesabu, nao uhaririwe upya kila mwaka viwango vinapobadilika. Pili, kila mwanachama auchukue mwongozo huo hadi shule aliyosomea matokeo yanapotoka, akae na watahiniwa na wazazi wao, na aeleze kwa lugha ya mahali pale. Aliyetoka Kinango aeleze kwa Kiduruma, na aliyetoka Msambweni kwa Kidigo. Tatu, wahadhiri wetu wa tafsiri wawape wanafunzi fomu halisi za udahili na mikopo kuwa mazoezi ya darasani, badala ya matini ambazo hakuna atakayezihitaji baada ya mtihani.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba njia ya kutoka Mackinnon Road hadi chuo kikuu ina milango minne: stakabadhi, uchaguzi wa kozi, fedha, na uelewa wa maneno yanayoiongoza milango hiyo mingine. Mlango wa fedha haumo mikononi mwetu. Bunge, mahakama na hazina ndizo zinazouvutania. Lakini ule wa nne umo mikononi mwetu kabisa. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Katika jambo hili tuwatake radhi wahenga, kwa kuwa asiyejua maana ndiye hasa wa kuambiwa, naye yuko Mackinnon Road akiwa na barua mkononi, muda wa kuijibu ukiwa unayoyoma.